Jibu la mtaalamu: Nimeona mitapo adimu msituni. Je, nionyeshe picha zake?

"Mimi ni mwalimu katika pwani ya Kenya, na kwa miaka kadhaa nimependa sana mimea ya jamii ya minazi pamoja na mitapo. Mwezi uliopita mzee mmoja alinipeleka kwenye mwamba ulio ndani ya msitu mdogo, nikaona mitapo mirefu isiyopungua tisa, mmoja ukiwa na koni kadhaa kubwa za manjano. Nilipiga picha nyingi kwa simu na kutuma chache kwa marafiki tunaobadilishana picha. Baadhi yao wako Mombasa na Tanga, wengine Oman na Ulaya. Mmoja ameniambia kwamba huenda ni spishi ya nadra, akaomba nimtumie faili halisi za picha pamoja na mahali hasa ili aithibitishe. Mwingine ameuliza kama naweza kumpatia mbegu au machipukizi kwa malipo mazuri. Wa tatu amenikaripia, akisema ningenyamaza kabisa. Mimi naamini elimu ikifichwa haina faida. Je, nimekosea? Naweza kuendelea kuonyesha ninachokiona bila kuidhuru mimea yenyewe? Na hizo mbegu je?"

Mwalimu, jambo la kwanza nililolifanya baada ya kuisoma barua yako ni kuliondoa jina la kilima na la kaunti, kabla mtu mwingine yeyote hajaiona. Nalitaja hili kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu langu. Nikiuelewa vizuri wasiwasi wako, unaogopa kwamba mapenzi yako kwa mimea hii yasije yakawa njia ya kuwafikisha wezi hadi ilipo, na papo hapo hutaki kuwa mtu wa kuficha elimu. Hofu yako ina msingi na imani yako ni sahihi, wala hulazimiki kuchagua moja na kuiacha nyingine. Mmea wenyewe uonyeshe kadiri upendavyo, kwa kila undani. Mahali ulipo pawe amana kwa watu wachache wenye wajibu wa kupajua.

Kabla ya kuzungumzia picha, ni vyema tuujue mmea. Mitapo, ambayo wataalamu huiita sikadi, huwekwa na wapenzi wake pamoja na minazi, mivumo na mikindu kwa sababu ya umbo la majani, lakini kinasaba haina undugu wa karibu nayo hata kidogo. Iko karibu zaidi na misonobari, kwa kuwa haitoi maua wala matunda na mbegu zake hukaa katika koni. Pwani yetu ina mitapo ya aina mbili kubwa ambayo huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni Cycas thouarsii, ambayo pia hupandwa sana katika bustani, na vijani vyake, yaani vipande vidogo vinavyounda jani zima, vina mshipa mmoja tu unaopita katikati. Ya pili ni jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Encephalartos, ambayo vijani vyake vina mishipa mingi myembamba iliyolala sambamba bila mshipa mkuu. Kitazame kijani kimoja dhidi ya jua na utajua mara moja uko upande upi. Maelezo yako ya koni kadhaa za manjano juu ya mmea mmoja yananielekeza kwenye Encephalartos, kwani mtapo jike wa Cycas hautengenezi koni iliyofungamana, bali mbegu zake huning'inia pembezoni mwa viungo vinavyofanana na majani madogo.

Kwa upande wa Encephalartos, inayojulikana zaidi pwani ni Encephalartos hildebrandtii, ambayo hupatikana Kenya na Tanzania kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi kwenye vilima vya karibu, na ambayo shina lake linaweza kufikia urefu wa mita 6. Bara kidogo, katika vilima vya Maungu na Kasigau huko Taita Taveta, ipo Encephalartos kisambo, ambayo ina eneo dogo sana na imo katika hatari ya kutoweka. Mimea hii miwili inafanana kiasi kwamba picha ya mmea mzima, hata iwe nzuri namna gani, haitoshi kuitofautisha. Rafiki yako anayetaka kujua mahali hasa ili "kuithibitisha" anaomba kitu ambacho uthibitisho hauhitaji. Mtaalamu anayetambua sikadi huangalia kikonyo cha jani na jinsi vijani vya chini vinavyopungua hadi kuwa miiba, pembe ambayo vijani hushikana na mhimili wa jani, manyoya ya majani machanga, umbo la magamba ya koni na rangi ya mbegu. Kuhusu mazingira, anahitaji kujua kimo cha ardhi kutoka usawa wa bahari kwa makadirio, aina ya mwamba au udongo, na aina ya msitu. Hayo yote unaweza kuyaeleza bila kutaja kilima.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza hivyo, maana wapo wapenzi wengi wa mimea wanaodhani kwamba kuchukuliwa kwa mitapo miwili mitatu kati ya tisa ni hasara ndogo. Kila mtapo ni dume au jike, na hakuna mmea mmoja wenye vyote viwili. Katika spishi za Encephalartos zilizochunguzwa, kazi ya kupeleka chavua hufanywa hasa na wadudu, wakiwemo fukusi wadogo wanaozaliana ndani ya koni za kiume. Koni inapokomaa hupata joto kuliko hewa inayoizunguka na kutoa harufu, ambayo huwavuta wadudu upande wa madume kisha upande wa majike. Mpango huu unahitaji madume na majike yaliyo karibu, na yanayotoa koni katika msimu mmoja, jambo ambalo si la kila mwaka. Ondoa majike mawili kwenye kundi la mimea tisa na huenda hakuna mbegu hai itakayodondoka pale tena, ingawa mimea saba iliyobaki itaonekana yenye afya kwa miaka mingi. Fukusi nao, wakikosa koni, hutoweka. Mtu anayepita huona msitu wenye mitapo, kumbe anaangalia kizazi cha mwisho.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood, msimamizi wa Bustani ya Mimea ya Durban, aliukuta mmea mmoja wenye mashina kadhaa katika msitu wa oNgoye huko Afrika Kusini. Ulikuwa dume. Tangu wakati huo hadi leo hakuna aliyepata jike, na kila mmea wa spishi hiyo ulioko katika bustani duniani ni chipukizi la dume lile lile. Unaishi, unapendeza, na hauwezi kuzaa.

Jambo jingine ni mwendo wake wa kukua. Sikadi nyingi za jenasi hii huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kutoa koni ya kwanza, na shina la mita mbili au tatu ni kazi ya miongo mingi. Mkusanyaji asiye na subira hataki mche. Anataka shina lililokwisha kukomaa, na katika biashara hiyo bei hupanda pamoja na urefu wa shina. Ndiyo maana wezi hulenga mimea ile ile inayotegemewa kwa uzazi. Huko Afrika Kusini, Encephalartos nubimontanus na Encephalartos brevifoliolosus zimetoweka porini, na uchukuaji wa mimea umechangia pakubwa. Hata bustani zenye ulinzi hazijasalimika: mwaka 2014 zaidi ya sikadi 20 ziliibwa katika bustani ya Kirstenbosch jijini Cape Town, nyingi zikiwa za spishi iliyo katika hatari kubwa mno, Encephalartos latifrons.

Turudi kwenye simu yako. Ukiwa umeruhusu kamera itumie huduma ya mahali, kila picha unayopiga huandikiwa ndani ya faili yake latitudo na longitudo, pamoja na tarehe na saa, na maandishi hayo hayaonekani ukiitazama picha lakini husomwa kwa urahisi na yeyote anayeipokea faili halisi. Tarakimu tano baada ya nukta ya desimali humpeleka mtu hadi umbali wa takriban mita moja kwa hesabu, ingawa simu yenyewe mara nyingi hukosea kwa mita chache. Tarakimu moja tu huacha nafasi ya kilomita 11 hivi. WhatsApp, kwa kawaida, huondoa taarifa hizo picha inapotumwa kama picha, lakini ukiituma kama hati, au kwa barua pepe, au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, faili huenda na kila kilichomo. Kwa hiyo, zile picha chache ulizowatumia marafiki kwa njia ya kawaida huenda hazikubeba chochote zaidi ya taswira. Ombi la "faili halisi" ndilo la kuangaliwa. Simsemi rafiki yako kwa ubaya. Wapo wanaoomba faili halisi kwa sababu wanataka kuona manyoya ya kikonyo bila ukungu. Mpe sehemu ya picha iliyokatwa na kukuzwa, baada ya kufuta mahali kwenye faili, na udadisi wake wa kisayansi utakuwa umetimizwa kikamilifu. Akiendelea kusisitiza apewe kilima, utakuwa umejua anachokitafuta.

Lakini kufuta nambari hakutoshi, na hapa ndipo watu waangalifu hujikwaa. Mandhari nayo husema. Mnara wa simu ulioko nyuma, ukingo wa mlima wenye umbo la pekee, machimbo ya mawe, paa la shule yako, vyote hivyo mwenyeji wa eneo huvitambua kwa mtazamo mmoja. Husema pia picha za jirani: ukituma picha ya kipepeo uliyempiga dakika tano baada ya mtapo, na ya kipepeo ikabaki na mahali pake wazi, umeutaja mtapo bila kuutaja. Wanaotumia iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe ili vitambuliwe, wajue kwamba mfumo ule huficha wenyewe mahali pa spishi zilizoorodheshwa kuwa hatarini, kwa kuonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba ambao katika nchi za ikweta kama yetu una kama kilomita 22 kila upande. Hata hivyo, ulinzi huo huanza pale tu mmea unapopewa jina sahihi. Picha uliyoiweka bila jina, au kwa jina la spishi isiyo hatarini, itakaa na mahali pake hadharani hadi mtu airekebishe. Chagua mwenyewe kuficha mahali tangu mwanzo, usiuachie mfumo.

Je, tahadhari hii iwe kwa kila mmea? Hapana, na nasema hivyo kwa sababu nimeona usiri ukigeuzwa kuwa desturi isiyo na maana. Mikoma, mivumo, mikindu na miaale ina maeneo mapana, na kuficha mahali ulipopiga picha ya mvumo kando ya barabara hakumlindi yeyote na hunyima watu taarifa nzuri. Mtapo wa bustani ya hoteli nao hauhitaji kufichwa. Tahadhari iwe kwa makundi madogo ya porini, na hasa ya mimea ambayo mtu anaweza kuing'oa na kuiuza.

Rafiki yako anayekutaka unyamaze kabisa ana nia njema, ila amesahau kwamba mmea usiojulikana na mtu yeyote huweza kumalizwa na shoka, moto wa shamba au machimbo bila hata mmoja kulalamika. Nimpe mfano wa Madagaska. Xavier Metz, aliyekuwa akisimamia shamba la mikorosho kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho, alikutana na mti mkubwa wa jamii ya minazi uliokuwa unachanua kwa namna isiyo ya kawaida. Picha zake zikawafikia wapenzi wa miti hiyo, kisha zikamfikia John Dransfield wa bustani ya Kew huko Uingereza, na ikabainika kuwa si spishi mpya tu bali ni jenasi mpya. Ikaitwa Tahina spectabilis, na maelezo yake ya kisayansi yakachapishwa mwaka 2008. Mti huu huchanua mara moja katika uhai wake, huzaa, kisha hufa. Na miti iliyojulikana wakati huo haikufika mia moja. Kilichofuata ndicho cha kuigwa: mbegu zilikusanywa kwa utaratibu na kuuzwa kwa wakulima wa bustani duniani, mapato yakarudi kijijini, nao wanakijiji wakashika jukumu la kuilinda. Bila picha zile, mti ule ungeweza kutoweka kabla haujapata hata jina. Ila tuangalie vizuri ni kwa mpangilio gani mambo yalikwenda: mmea ulijulikana, wataalamu na wenyeji wakahusishwa, mbegu halali zikapatikana, na mwenye hamu ya kuumiliki hakuwa na sababu ya kuingia porini na jembe. Sisi wenyewe tuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba pekee na ambao leo hupandwa kwa mbegu katika bustani za nchi za mbali.

Kwa hiyo taarifa kamili ya mitapo yako ni lazima iandikwe mahali, nambari zote na picha zote. Mahali hapo ni kwa wataalamu wa Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iliyoko Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi, pamoja na kitengo cha Makavazi hayo kinachoshughulikia hifadhi ya misitu ya pwani. Wao hutunza kumbukumbu ya namna hiyo bila kuitangaza. Usikate jani wala koni kwa ajili yao kabla ya kuzungumza nao, kwa sababu ukusanyaji wa sampuli una vibali vyake.

Yupo pia mtu ambaye barua yako imempita haraka, naye ndiye aliyenigusa zaidi: mzee aliyekuongoza. Kuwaficha wenyeji mahali ambapo wao ndio waliokuonyesha ni upuuzi na ni kukosa adabu. Ulinzi wa mitapo ile, kabla ya sheria na kabla ya wataalamu, umekuwa mikononi mwa watu kama yeye. Ikiwa msitu ule ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, au una sehemu ya matambiko, muulize kama anaridhia picha zionekane na watu wa mbali, na jibu lake ulifuate hata likiwa hapana. Mwambie pia, kwa lugha iliyo wazi, kwamba ipo biashara ya mimea hii na kwamba mgeni anayekuja na gari kuuliza "minazi ya porini" si wa kupokelewa bila maswali.

Nafika kwenye mbegu na machipukizi, na hapa sina jibu la katikati. Usiyachukue. Jenasi nzima ya Encephalartos imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na marufuku hiyo inahusu mbegu na machipukizi sawasawa na mmea mzima. Kuvusha mpaka kitu chochote cha mmea wa porini kwa ajili ya kuuza ni kosa, hata kama aliyeagiza ni mpenzi wa kweli wa mimea na hata kama malipo ni ya heshima. Mimea iliyooteshwa kitaluni kwa utaratibu unaotambulika hupewa njia nyepesi zaidi, lakini hata hiyo huhitaji kibali cha CITES, ambacho hapa Kenya hutolewa na KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori), pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Mweleze rafiki yako atafute kitalu chenye vibali hivyo.

Pia kuna jambo la kibaiolojia ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Mtapo jike huweza kutoa mbegu kubwa, nyekundu na za kupendeza bila kuchavushwa hata kidogo, na mbegu hizo ni tupu, haziwezi kuota. Mbegu zinazouzwa kwa kificho huenda zikawa za namna hiyo. Hata iliyo hai huwa na kiinitete ambacho bado hakijakomaa koni inapopasuka, na huhitaji miezi kadhaa kabla ya kuwa tayari kuota. Anayeikata koni mbichi ili awahi mteja anamuuzia mteja taka, na papo hapo anauibia msitu mbegu chache ambazo zingeweza kuwa hai. Usiwaache watoto wa shule wachezee mbegu zilizodondoka, kwani zina sumu inayodhuru ini, na mifugo nayo isizile.

Picha ulizokwisha kutuma zisikunyime usingizi. Waombe marafiki wasizisambaze, zifute zile zenye mandhari ya kutambulika popote ulipoziweka hadharani, na zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya safari yako ijayo, huku ukiandika nambari kwenye daftari. Ikiwa utakuta mashimo mapya, majani yaliyokatwa yote kwa mkupuo, shina lililoviringishiwa gunia au alama za magurudumu karibu na mwamba, usimfuate mtu wala usimhoji mwenyewe. Piga picha ya unachokiona ukiwa mbali, mwarifu mzee, na siku hiyo hiyo nenda ofisi ya KWS au ya misitu iliyo karibu nawe utoe taarifa ana kwa ana, maana ujumbe wa simu hupotea kwa urahisi.

Kwa upande wangu, ningependa uniletee picha za vitu vinne utakaporudi: upande wa chini wa vijani vya katikati ya jani, kikonyo kizima kutoka shinani hadi kijani cha kwanza, uso wa koni ukiwa na rula pembeni, na jani changa kabisa kama lipo. Koni zenyewe ziangalie kwa subira bila kuzigusa. Ikiwa ni nyembamba na zitaanza kurefuka na kumwaga unga wa manjano, mmea ule ni dume. Hapo tutajua kama kuna haja ya kutafuta jike kati ya ile minane iliyobaki.